Modeli ilisema mota nzima kwa asilimia 97, siku ya 9 beringi ikakwama. Nimekosea wapi?

kijana_wa_Maramba

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kufikiri maana mwenzenu nimekwama na siku za kukabidhi disateshoni zinakaribia.

Nasoma masters ya umeme, utafiti wangu ni kutumia mtetemo wa mota kujua kama beringi imeanza kufa kabla haijakwama. Mada sikuokota tu, mi nimekulia kambi ya mkonge huku Tanga, najua korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ikisimama usiku inakuwaje, majani yaliyokatwa yakilala sana yanakauka na singa zinatoka kwa shida tena rangi imeharibika. Na korona inakula maji balaa, pampu zikisimama hata kama korona yenyewe ni nzima kazi hakuna. Ndo nikaamua nishughulike na mota za pampu.

Nilivyofanya ni hivi. Nilichukua mota 5, zote za hosi pawa 2, pole 4, beringi 6205 (hiyo ni namba ya saizi yake) upande wa shafti. Tatu nzima, mbili fundi wa pale alisikiliza akasema hizi beringi zimeshaanza kulia. Nikafunga sensa ya mtetemo ya MPU6050 kwenye kava la mota, ile ya bei rahisi, nikarekodi dakika 10 kila mota. Rekodi nikazikatakata vipande vya sekunde moja, kila kipande kimepanda nusu ya mwenzake, nikapata vipande karibu 6000. Nikavichanganya vyote, asilimia 80 nikafundishia modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data, na 20 nikajaribia. Usahihi ukaja asilimia 99.2. Nilifurahi jamani sijui niseme nini, supavaiza akafurahi, akasema andika pepa haraka.

Sasa mimi kabla ya kuandika nikasema ngoja nijaribu kwenye mota ya 6 ambayo modeli haijawahi kuiona, kiwanda kingine njia ya Muheza. Modeli ikasema nzima, tena ina uhakika asilimia 97. Nikawaandikia na ripoti kabisa nikapiga sahihi. Siku ya 9 asubuhi napigiwa simu na msimamizi, mota imekwama saa nane usiku, shafti haizunguki hata kwa mkono, beringi imekuwa ya bluu kwa moto. Alichosema ni kimoja tu: "Kijana, si ulituandikia ni nzima?" Hakugomba wala nini lakini toka siku hiyo sijalala vizuri, maana yule mzee aliniamini akaahirisha kununua beringi mpya.

Kwa hiyo ile 99.2 ilitoka wapi? Na je niiandike kwenye pepa au niiache?

mtu_wa_Chumbageni

Pole sana mkuu. Mi nakushauri andika hiyo 99.2 maana kweli uliipata, hukuitunga. Hiyo mota ya 6 sema ni kazi ya baadaye. Mimi mwenyewe nilichelewa mwaka mzima kumaliza kwa sababu ya kutafuta ukamilifu, ada ikanikaba, mama akawa anauliza kila siku unamaliza lini. Namwonea huruma yeyote anayepita njia ile. Maliza kwanza, utafiti mzuri utafanya ukishapata cheti.

dada_sakiti

Mdogo wangu, kwanza hongera. Umefanya kitu ambacho watafiti wengi hawafanyi, kwenda kujaribu sehemu ambayo jibu linaweza kukuumbua. Na kaka wa Chumbageni nakuelewa, ada inauma, lakini hapa naomba tusimpeleke huko, kuna kiwanda kinaweza kusoma pepa yake kikaamini.

Tatizo lako naliona kwenye sentensi moja: "nikavichanganya vyote". Umekata rekodi moja vipande vya sekunde, tena vimepandana nusu kwa nusu, afu ukavimwaga pande zote mbili za mtihani. Yaani kipande cha sekunde ya 40 kiko kwenye kufundishia, cha sekunde ya 40 na nusu kiko kwenye mtihani, na nusu ya data ni ile ile kabisa. Modeli imeshaona majibu. Kitaalamu wanasema data imevuja. Usidhani ni wewe peke yako, mwaka 2023 Kapoor na Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha uchunguzi wao, walikuta uvujaji wa namna hii kwenye fani 17 na umegusa pepa 294. Ni fani za watu wazito, kuanzia tiba mpaka siasa.

Lakini kuna la pili ambalo ni baya kuliko hilo. Mbovu zako ziko kwenye mota mbili, nzima ziko kwenye mota tatu. Kila mota ina sauti yake, imefungwa kwenye zege lake, boliti zake zimekazwa kivyake, pampu yake ina mzigo wake. Modeli haina haja ya kujua beringi ni nini, ikishatambua "hii ni mota ya 4" imeshapata alama zote. Ilipokutana na mota ya 6 ikaangalia inafanana na nani kati ya wale watano, ikaona inafanana na nzima mmojawapo, basi.

Usiniamini mimi, jaribu leo leo. Chukua data hiyo hiyo, danganya majina: sema mota ya 1 na ya 3 ndo mbovu, zilizobaki nzima. Uongo mtupu. Fundisha upya kwa njia ile ile. Kama bado inakupa tisini na kitu basi hiyo namba haikuwa inapima ugonjwa, ilikuwa inapima sura. Afu fanya mtihani wa haki: toa mota moja na rekodi zake zote, fundisha kwa nne, jaribia hiyo moja, rudia mpaka zote tano zimekaa nje. Matokeo yataporomoka, jiandae.

Ukimaliza rudi hapa tuongee sensa, maana na hiyo nina neno nayo.

BiShamba_Muheza

Mimi ni wa kilimo sio wa umeme lakini hili tunalijua sana sisi wa shambani. Ukichuma majani 200 kwenye mkonge mmoja ukayapima urefu, huna mikonge 200, unao mmoja. Ukiweka mbolea ploti moja na ploti ya pili usiweke, hata upime mimea elfu, ulicholinganisha ni ploti mbili tu, labda moja ina kichuguu. Hurlbert aliandika pepa nzima mwaka 1984 akawaonyesha wanaikolojia wenzake jinsi wanavyohesabu hivyo. Vijana wangu nikiwafundisha hili nawapeleka shambani kabisa, nawaambia mkonge wa Tanga wenyewe ulianza na miche 62, ndo iliyofika hai kati ya 1000 ambayo Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893, na mkonge unazaliwa kwa maotea sio kwa mbegu, kwa hiyo hata ukipima mistari mizima ujue unapima ndugu wa karibu sana.

Wewe mwanangu huna data 6000. Unazo 5.

kijana_wa_Maramba

Nimerudi. Dada asante, Bi Shamba asante, hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika nikaibandika ukutani.

Nimefanya jaribio la majina ya uongo. Mota ya 1 na 3 ambazo najua ni nzima nikaziita mbovu. Usahihi 98.8. Nikabadilisha tena, 2 na 5. 99.0. Nilikaa nikaangalia ile namba kwenye laptopu nikahisi mikono inakuwa ya baridi. Miezi saba wakuu.

Afu nikafanya ule wa kutoa mota moja moja. Kati ya tano imepatia mota mbili. Ningerusha shilingi ningepata vile vile au zaidi.

dada_sakiti

Najua inauma, lakini hayo ndo matokeo ya kwanza ya kweli uliyopata, na nitakwambia baadaye yanaingia wapi kwenye disateshoni. Sasa tuongee fizikia.

Beringi 6205 ina gololi 9. Kwa vipimo vya ile waliyotumia Chuo cha Case Western Reserve kule Cleveland, ringi ya nje ikiwa na kidonda, kila shafti ikizunguka mara moja kidonda kinagongwa mara 3.585, ringi ya ndani mara 5.415. Jumlisha utaona inakuja 9, ndo idadi ya gololi. Mota yako ya pole 4 kwa umeme wetu wa hezi 50 ikiwa na mzigo inazunguka kama 1450 kwa dakika, sawa na 24.17 kwa sekunde. Kwa hiyo kidonda cha nje kinapiga kama hezi 86.6, cha ndani kama 130.9.

Nataja Case Western kwa sababu najua utashawishika kupakua data zao ufundishie, kila mtu anafanya hivyo, na mota yao nayo ni ya hosi pawa 2. Angalia lakini. Marekani umeme ni hezi 60, mota ile bila mzigo ilizunguka 1797 kwa dakika, kidonda kile kile cha nje kinapiga kama hezi 107. Modeli iliyojifunza kutafuta mlima wa grafu kwenye 107 ukiileta Tanga inatafuta pasipo na kitu, mlima uko 87. Ndo maana usiipe modeli hezi, ipe mizunguko ya shafti. Gawa frikwensi zote kwa kasi ya shafti, hapo 3.585 inabaki 3.585 Cleveland na Tanga. Kasi ipime kwa takometa, kile kifaa cha kupimia kasi ya mzunguko, usisome kibati cha mota. Na vidonda vya Cleveland walivitoboa wenyewe kwa cheche za umeme, vina kipenyo safi cha inchi 0.007, 0.014, 0.021. Beringi ya pampu ya mkonge haifi kwa usafi huo.

Sensa sasa. MPU6050 inachukua sampuli 1000 za mtetemo kwa sekunde, na kichujio chake cha ndani kinakata kwenye hezi 260 au chini ya hapo. Ile 87 utaiona, sawa, lakini beringi inayoanza kufa haipigi kelele huko chini. Gololi ikidondokea kwenye kidonda kidogo ni kama kugonga kengele kwa kijiti, unagonga mara 87 kwa sekunde lakini kengele yenyewe inalia kwa maelfu ya hezi. Huko juu ndo dalili za mwanzo zinapokaa, na sensa yako ni kiziwi huko. Huko chini umejaa mlio wa shafti kutokaa sawa, wa kapulingi inayounga mota na pampu, wa maji kwenye pampu. Sensa nyingine ya ADXL345 inafika sampuli 3200 kwa sekunde, ni afadhali kidogo lakini bado haitoshi, tafuta ya analogi inayosikia kilohezi kadhaa hata kama ni moja tu mnagawana maabara. Case Western walirekodi kwa sampuli 12,000 na 48,000 kwa sekunde. Ukishapata sauti ya huko juu chora ganda lake la nje, yaani lile umbo la kupanda na kushuka kwa nguvu ya mlio, afu ndo upitishe FFT, ile hesabu ya kuuchambua mlio uone una frikwensi zipi. Pale 3.585 itasimama peke yake kama mnara. Na hiyo FFT unayoiita kwa mstari mmoja wa programu, Cooley na Tukey walipoichapisha mwaka 1965 kilichokuwa kinawasukuma mojawapo ni hicho hicho, kusikiliza mitetemo ya ardhi wajue kama Warusi wamelipua bomu chini. Wao walitafuta mshtuko kwenye dunia, wewe unautafuta kwenye mota.

FundiMota_Ngamiani

Salaam aleikum vijana mimi ni fundi wa kurewaindi mota hapa Ngamiani nimefanya hii kazi toka sijaoa na sasa nina wajukuu, binti yangu ndio amenionyesha huu mjadala akasema baba hawa wanaongelea mambo yako. Nimesoma yote mengine sijaelewa ila nina swali kwa bwana mdogo, hiyo mota iliyokwama mliifungua mkaiangalia? Na hizo mbili ulizoziita mbovu, je ziliwahi kufunguliwa au ni yule fundi alisikiliza tu?

Nauliza kwa sababu mimi pia nasikiliza, naweka ncha ya bisibisi kwenye kava la beringi na mpini kwenye mfupa wa sikio, beringi nzima inasema shhhh kama mtu anamwaga mchele pole pole kwenye sinia, mbovu inasema kama kuna punje ya mchanga inasagwa afu inakuja inapotea inakuja. Lakini kapulingi ikiwa haijanyooka au ule mpira wake umekwisha inalia karibu sawa na beringi, na mimi nimeshadanganyika nikatoa beringi kwa pula nikakuta inang'aa mpya, hasara yangu. Toka siku hiyo sisemi mbovu mpaka nifungulie kapulingi kwanza mota izunguke peke yake.

Na pampu za mkonge zinakufa kwa sababu mbili tatu ninazozijua, sili ya pampu inavuja maji yanatembea kwenye shafti mpaka kwenye beringi, na maji ya mkonge ni makali yanakula chuma. Pili watu wanajaza grisi mpaka inatoka nje wanadhani wanaisaidia kumbe beringi inachemka. Mota ikikwama ukiifungua kila kitu kinaonekana kwa macho.

kijana_wa_Maramba

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kuja. Ukweli hakuna niliyoifungua, neno "mbovu" nililichukua kwa yule fundi nikaliandika kwenye faili kama lilivyo.

Baada ya kusoma ulichoandika jana nimeenda kiwandani na pikipiki nikaomba wanifungulie. Mota ya 4, kapulingi ilikuwa mpira umekatika meno mawili, beringi yenyewe nimeishika nimeizungusha kwa kidole, laini kabisa haina hata kwaruzo. Mota ya 5 ndo kweli mbovu, ringi ya nje ina alama kama kucha iliyokwaruza. Kwa hiyo kumbe nilikuwa na mota moja mbovu tu, na nusu ya "ubovu" niliomfundisha modeli ulikuwa wa kapulingi.

Na ile iliyokwama njia ya Muheza, msimamizi alikuwa ameiweka kwenye boksi. Sili ilikuwa imekwisha, ndani kuna kutu na grisi imekuwa kama chai ya maziwa. Nimemwomba radhi uso kwa uso. Akanipa ile beringi niondoke nayo.

Sasa nipo njia panda, mota mbovu moja haitoshi na siwezi kwenda kuvizia mota za watu zife.

FundiMota_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Kwani unataka mota nyingi za nini? Mimi nina gunia la beringi zilizokufa, natupia humo miaka yote, 6205 humo ziko tele, za pampu, za mashine za kukoboa, za randa. Na nina mota moja ya hosi pawa 2 nimeifunga waya mpya mwenyewe haijapata mteja. Tunaifunga kwenye chuma pale nje ya banda, tunaweka beringi mpya unarekodi, tunatoa tunaweka ya gunia unarekodi, mota ni ile ile boliti ni zile zile. Kubadilisha beringi kwangu ni dakika ishirini.

dada_sakiti

Mzee Fundi, shikamoo. Naomba nikwambie hicho ulichokisema ndo nilikuwa nakitafuta namna ya kukieleza na nimeshindwa. Mota ile ile, kinachobadilika ni beringi peke yake, modeli haina tena pa kujificha kwenye sura ya mota. Na ni beringi zilizokufa kwa maji ya mkonge na vumbi la mashine, hazikutobolewa maabara.

Mdogo wangu, fanya hivi. Kila beringi ni sampuli moja, hata urekodi saa nzima ni moja. Katika mtihani rekodi zote za beringi moja ziwe upande mmoja tu. Baina ya mbovu mbili rudisha mpya, na usirekodi mbovu zote asubuhi na nzima zote mchana, changanya zamu kwa kupiga kura, maana mota ikipata joto mlio unabadilika. Kila ukifunga tena hata ile ile rekodi upya, ujue kufunga kwenyewe kunabadilisha nini. Kapulingi mbovu nayo weka kama kundi lake, umeshalipia somo hilo. Ukimaliza, ile mota ya 5 ndo mtihani wa mwisho, usiiguse kabla.

Kwenye disateshoni sura ya kwanza ya matokeo iwe 99.2, jaribio la majina ya uongo, na mbili kati ya tano, vyote kwenye jedwali moja. Kwa supavaiza nenda na hilo jedwali mkononi, mwonyeshe kabla hujaongea. Wengi wakiona 98.8 ya uongo iko pembeni ya 99.2 hawabishi.

Mzee, ombi moja: hizo beringi za gunia tafadhali usizioshe.

mtu_wa_Chumbageni

Nimefuatilia mpaka hapa, ushauri wangu wa mwanzo naufuta. Mkuu nina takometa ya mkononi ofisini haitumiwi na mtu wikiendi, nakuletea. Sema siku.

kijana_wa_Maramba

Supavaiza nimemwona leo asubuhi. Aliangalia lile jedwali muda mrefu kweli, akauliza majina ya uongo niliyachagua vipi, afu akasema ile pepa tuitoe na ameniongezea miezi miwili. Sensa ya analogi maabara wanayo moja, nimeiandikia barua.

Mzee Fundi, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapo bandani kama hutojali. Nakuja na beringi mpya 4, grisi, rula ya kupimia kapulingi na daftari. Na ile ya Muheza nakuja nayo.

FundiMota_Ngamiani

Karibu sana, nimeshazitoa kwenye gunia nimezipanga juu ya meza, za 6205 ni 23. Mbili nilikuwa nimeshaziosha kwa petroli kabla binti hajanisomea, hizo nimezitenga. Zilizobaki ziko na uchafu wake, kila moja nimeifunga kitambaa na karatasi nimeandika imetoka mashine gani, zile ninazokumbuka.